Wazo Kuu Limejificha Wapi Ndani ya Aya?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mtu mzima niliyerudi darasani baada ya miaka mingi kazini, na katika kozi ninayosoma kuna somo la ufahamu na uandishi ambalo ni lazima nilifaulu ndipo niruhusiwe kuendelea na masomo mengine. Kusoma kwenyewe hakunisumbui, kwa kuwa nimesoma magazeti, barua na taarifa za kazini maisha yangu yote, na ninaamini kwamba huelewa ninachokisoma. Kinachonishinda ni swali moja linalorudi katika kila jaribio kwa sura tofauti: “Wazo kuu la aya hii ni lipi?”

Tangu shule ya msingi niliambiwa kwamba wazo kuu hukaa katika sentensi ya kwanza, kwa hiyo huinakili sentensi hiyo kama ilivyo. Mara nyingine napata alama. Mara nyingine karatasi hurudi ikiwa na maneno “hiyo ni mada tu” au “hili ni jambo dogo ndani ya aya”, bila maelezo zaidi, nami hubaki sijui hayo mawili yanatofautianaje. Hali huwa mbaya zaidi tunapopewa majibu manne ya kuchagua, maana aghalabu huona yote manne ni ya kweli. Hii hapa ni aya iliyonikosesha alama hivi karibuni:

“Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na Jua, na mchana joto lake hupanda hadi nyuzi 430 za Selsiasi. Mtu angetarajia kwamba hakuna sayari nyingine inayoweza kuishinda kwa joto. Hata hivyo, Zuhura, ambayo umbali wake kutoka kwenye Jua unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa Utaridi, ina joto la nyuzi 465 hivi, mchana na usiku. Utaridi karibu haina angahewa, kwa hiyo joto la mchana hupotea, na usiku baridi hufika nyuzi 180 chini ya sifuri. Zuhura imefunikwa na angahewa nzito ambayo asilimia 96 hivi ni hewa ya ukaa, na hewa hiyo huzuia joto lisitoke. Umbali kutoka kwenye Jua, basi, hauamui peke yake joto la sayari. Angahewa nayo huamua.”

Niliandika kwamba wazo kuu ni “Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na Jua”. Jibu likakatwa.

Katika kuandika nako sina nafuu. Tuliambiwa tuandike aya moja kuhusu usingizi, nami nikaandika hivi:

“Usingizi ni muhimu sana kwa mwanafunzi. Mwanafunzi anapaswa kulala vizuri kwa sababu usingizi una umuhimu mkubwa katika maisha yake. Mwanafunzi asiyelala vya kutosha hawezi kufanya vizuri katika masomo. Siku hizi simu zinawapotezea vijana muda mwingi usiku. Wazazi wanapaswa kuhakikisha kwamba watoto wao wanalala mapema. Kwa hiyo usingizi ni jambo la lazima kwa kila mwanafunzi.”

Pembeni niliandikiwa “hoja haijaungwa mkono”. Nikairefusha aya kwa sentensi nyingine, nikidhani ndiko kuunga mkono. Safari hiyo nikaandikiwa “unarudiarudia”. Naomba unieleze, Mwalimu: je, ipo kanuni ya kuaminika ya kulipata wazo kuu? Kuunga mkono hoja ni kufanya nini hasa, ikiwa si kuongeza maneno? Na je, haya ni matatizo mawili, au ni moja lenye sura mbili?

Ni mimi, Mwanafunzi Mtu Mzima.

JIBU

Marahaba, ndugu yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalotuongoza katika hayo mengine. Una tatizo moja. Unalitafuta wazo kuu kwa kuangalia mahali lilipo, ilhali wazo kuu hutambulika kwa kazi ambayo sentensi nyingine zinalifanyia. Katika aya iliyotungwa vizuri kuna dai moja, na sentensi zinazobaki zipo ili kulieleza, kulithibitisha, kulitolea mfano au kuliwekea mipaka. Msomaji huufuata uhusiano huo akitoka kwenye sentensi kuelekea kwenye dai. Mwandishi huufuata akitoka kwenye dai kuelekea kwenye sentensi. Ndiyo maana anayeinakili sentensi ya kwanza bila kuuliza inafanyiwa kazi gani huwa ndiye huyohuyo anayeirundika aya yake sentensi ambazo hazimfanyii yeyote kazi.

Kanuni uliyofundishwa si ya kubeza, na ina umri mkubwa. Mwaka 1866 Alexander Bain, mwanafalsafa wa Uskoti, alichapisha kitabu cha kufundishia utunzi ambamo aliweka kanuni kadhaa za aya, na mojawapo ilikuwa kwamba sentensi ya kufungulia inatarajiwa kuidhihirisha mada ya aya. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliweka tahadhari: isipokuwa pale ambapo sentensi hiyo ni ya kuandaa njia tu. Tahadhari hiyo ndiyo inayosahaulika madarasani. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1974, mtafiti wa Marekani Richard Braddock alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa makala 25 za waandishi wazoefu wa majarida ya nchi hiyo, naye alikuta kwamba aya za ufafanuzi zilizoanza na sentensi yenye wazo kuu zilikuwa takribani asilimia 13 tu. Vitabu vya kiada huwa na nidhamu kubwa kuliko majarida, na watunzi wa mitihani huchukua vifungu vyao kote kuwili. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ichukuliwe kuwa ni mahali pa kuanzia kuuliza, wala si mahali pa kunakili.

Kabla hatujaifungua aya ya Zuhura, tuimalize kwanza tofauti iliyokusumbua kati ya mada na wazo kuu. Mada hutajika kwa neno moja au kwa kifungu kifupi kisicho na kitenzi: joto la sayari, usingizi wa wanafunzi, mmomonyoko wa udongo. Wazo kuu ni sentensi kamili inayosema jambo fulani kuhusu mada hiyo, jambo ambalo mtu anaweza kulikubali, kulikataa au kuliomba ushahidi. Mtu akikuita pembeni akakwambia “Juma”, kisha akanyamaza, utabaki unamtazama ukisubiri akwambie Juma amefanya nini. Mada iliyosimama peke yake humwacha msomaji katika hali hiyohiyo. Basi ukiulizwa wazo kuu nawe ukajibu “sayari” au “joto la sayari”, umetaja mada, na msahihishaji ana haki ya kukunyima alama hata kama ulikuwa umeielewa aya yote. Jibu lako lipime kwa jambo moja dogo: lina kitenzi kinachodai kitu? Kama halina, bado hujajibu.

Sasa tuitazame aya yenyewe. Sentensi ya kwanza inasema kwamba Utaridi iko karibu zaidi na Jua, na ya pili inataja matarajio ya mtu wa kawaida: iliyo karibu ndiyo iwe na joto kuliko zote. Kisha yanakuja maneno mawili ambayo yangekuokoa: “hata hivyo”. Katika maandishi ya ufafanuzi, maneno kama “hata hivyo”, “lakini”, “hata hivyo ukweli ni kwamba” na “kinyume na inavyodhaniwa” huashiria kwamba mwandishi anaondoka katika yale aliyokwisha kuyasema. Alichokiweka kabla ya maneno hayo aghalabu ni dhana anayotaka kuiacha nyuma au kuipunguza nguvu, kwa hiyo ni nadra kwa wazo kuu kukaa upande huo. Ukiisoma aya kwa makini kidogo baada ya kila “lakini”, utashangaa ni mara ngapi jibu liko hapohapo.

Twende mbele. Sentensi ya tatu inatupa jambo la kustaajabisha, ya nne inaeleza ni kwa nini Utaridi haishiki joto, na ya tano inaeleza ni kwa nini Zuhura inalishika. Hapa ndipo jaribio ninalolithamini kuliko yote linapoingia: uliza kwamba sentensi hizi, zikiwekwa pamoja, zinajibu swali gani. Haziwezi kuwa zinajibu “Ni sayari ipi iliyo karibu zaidi na Jua?”, kwa sababu swali hilo lilikwisha katika nusu ya mstari wa kwanza, na sentensi nne zinazofuata zingebaki bila kazi. Swali linalojibiwa na zote ni hili: “Ni nini kinachoamua joto la sayari?” Jibu la swali hilo ndilo wazo kuu, na kwa bahati njema mwandishi ameliandika waziwazi katika sentensi mbili za mwisho: umbali hauamui peke yake, angahewa nayo huamua. Sentensi uliyoinakili wewe ni ya kweli, ila ni tofali la kwanza tu la hoja inayoelekea kwingine.

Hebu tuende hatua moja zaidi. Funika sentensi hizo mbili za mwisho kwa kidole, kisha uisome aya upya. Wazo kuu limetoweka? Halijatoweka hata kidogo. Maelezo ya angahewa ya Utaridi na ya Zuhura bado yanakusukuma kufikia uamuzi uleule, isipokuwa sasa inakubidi uutamke mwenyewe. Aya za namna hiyo, ambazo wazo lake kuu limedokezwa bila kuandikwa, ni nyingi kuliko tunavyokiri, hasa katika masimulizi, wasifu na maelezo ya mandhari, na anayetafuta sentensi ya kunakili atazitazama hadi muda wa mtihani uishe. Jaribio la swali hufanya kazi hata hapo, kwa sababu haliitegemei sentensi yoyote moja. Linategemea mwelekeo wa zote. Zipo pia aya fupi za kuvukia, ambazo kazi yake ni kuifunga sehemu moja ya makala na kuifungulia nyingine. Hizo hazina wazo kuu la kutafuta, na mtunzi mwenye busara hazitungii swali.

Kuhusu majibu manne ambayo yote ni ya kweli, elewa kwamba mtunzi wa swali huyafanya hivyo kwa makusudi. Swali halikuulizi lipi ni la kweli. Linakuuliza lipi linabebwa na aya nzima. Chukua mfano kwamba kwa aya yako ya Zuhura ungepewa majibu haya: sayari za mfumo wa Jua zinatofautiana, hewa ya ukaa huzuia joto lisitoke, Utaridi ina joto kali mchana na baridi kali usiku, joto la sayari hutegemea angahewa yake na si umbali wake tu kutoka kwenye Jua. La kwanza ni pana mno, kwa kuwa lingefaa kuwa kichwa cha kitabu kizima, na aya hii haisemi lolote kuhusu ukubwa, mwendo wala miezi ya sayari. La pili na la tatu ni membamba mno: kila moja linabebwa na sentensi moja au mbili, na nyingine zinabaki nje. La nne ndilo pekee ambalo ukilitamka, kila sentensi ya aya inapata sababu ya kuwepo. Mtego wa aina nyingine, ambao haumo katika orodha hii lakini utakutana nao, ni jibu ambalo ni la kweli ulimwenguni lakini halimo katika aya, kwa mfano kwamba uhai hauwezekani juu ya uso wa Zuhura. Wasomaji wenye maarifa mengi ndio wanaonaswa nalo zaidi, kwa kuwa wanajibu kutokana na wanachokijua badala ya kilichoandikwa. Nawe uliyesoma magazeti miaka yote hiyo, jihadhari nao.

Jambo moja zaidi kuhusu alama za njiani. Maneno “kwa mfano”, “mathalani” na “miongoni mwake” hayatangulii wazo kuu. Hutangulia kielelezo, na kielelezo huelekeza kidole nyuma. Ukikutana nayo, rudi kwenye sentensi iliyotangulia uulize ni nini kinachotolewa mfano. Maneno “kwa hiyo”, “basi” na “hivyo” ni ya hila zaidi. Wakati mwingine hufungua hitimisho la aya nzima, kama ilivyo katika aya ya Zuhura, na wakati mwingine hufungua tokeo la jambo moja dogo tu, kama pale iliposemwa kwamba Utaridi karibu haina angahewa, “kwa hiyo” joto hupotea. Maneno ni ya aina ileile ndani ya aya moja, lakini mizigo yaliyoibeba haina uzito sawa. Anayetegemea maneno haya bila kuuliza yanahitimisha nini atapotea tena, safari hii akiwa na kanuni mpya mkononi.

Sasa tuje kwenye aya yako ya usingizi, na naomba univumilie, maana nitaikagua sentensi kwa sentensi. “Usingizi ni muhimu sana kwa mwanafunzi” ni sentensi sahihi kisarufi, lakini kama dai ni dhaifu, kwa sababu hakuna atakayeikana. Dai lisiloweza kukanwa halihitaji kuungwa mkono, na ndiyo maana ulipotaka kuliunga mkono ulikosa la kusema, ukalirudia. Sentensi ya pili ni ile ya kwanza iliyovaa vazi jingine: “muhimu sana” imekuwa “umuhimu mkubwa”, na neno “kwa sababu” lililowekwa katikati linaahidi sababu ambayo haiji. Sentensi ya tatu ndiyo ya kwanza kudai kitu, kwamba asiyelala hafanyi vizuri masomoni, nami nadhani hapo ndipo akili yako ilipokuwa inaelekea. Lakini kabla msomaji hajaambiwa ni kwa vipi, ya nne ikakimbilia simu, ya tano ikawageukia wazazi, na ya sita ikarudi kule tulikoanzia. Sentensi sita zimekwisha, na hakuna hata moja iliyojibu “Kwa nini?” au “Umejuaje?”

Maswali hayo ndiyo maana nzima ya kuunga mkono. Msomaji makini anapokutana na dai, huuliza kimoyomoyo: kwa nini iwe hivyo, inatokeaje, ni nani aliyeliona, kwa mfano gani. Sentensi inayojibu mojawapo ya maswali hayo inaunga mkono. Isiyojibu lolote, hata ikiwa nzuri kiasi gani, inapita tu. Kwa hiyo kazi ya mwandishi ni kumtangulia msomaji huyo, ayasikie maswali yake kabla hayajaulizwa. Kulirudia dai kwa maneno mapya hakujibu swali lolote, ndiyo sababu msahihishaji wako alisema mambo mawili yanayoonekana kupingana, kwamba hukuunga mkono na kwamba unarudiarudia. Alikuwa anataja kasoro ileile.

Kabla ya kuunga mkono, hata hivyo, ni lazima dai lenyewe likatwe kwa kipimo cha aya. “Usingizi ni muhimu” halitoshei katika aya, wala “elimu ni ufunguo wa maisha”, wala methali ambazo waandishi wa insha hupenda kuzipachika mlangoni. Nazipenda methali, na sitaki nieleweke vibaya, lakini methali inayofungua aya huwa ni pambo mpaka pale sentensi inayofuata itakapodai jambo mahususi. Wengi huiweka methali wakadhani wazo kuu limekwisha kupatikana. Katika mada yako, punguza mpaka upate kitu ambacho mtu mwenye akili timamu anaweza kukibishia. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunawasaidia. Wabishie hao. Aya ingeweza kuwa hivi:

“Mwanafunzi anayekesha akisoma usiku wa kuamkia mtihani hupoteza sehemu ya kile anachokikeshea. Mtu anapolala, ubongo huendelea kuyaimarisha yale aliyojifunza mchana, na anayejinyima usingizi huikatiza kazi hiyo. Mwaka 1924 wanasaikolojia wa Marekani John Jenkins na Karl Dallenbach waliwapa watu wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri, na watu hao walikumbuka silabi nyingi zaidi walipolala baada ya kukariri kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Tafiti nyingi za baadaye zimeelekea upande huohuo. Kukesha hudhoofisha umakini pia, kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kulisoma swali linalotaka sababu akalijibu kana kwamba linataka matokeo. Saa anazoziongeza katika kusoma, basi, huzilipia kwa kumbukumbu na umakini, vitu viwili ambavyo mtihani unavipima.”

Angalia jinsi sentensi zilivyogawana kazi. Ya kwanza inadai. Ya pili inajibu “Kwa nini?” Ya tatu inajibu “Umejuaje?”, lakini haimjibu msomaji kuhusu dai la kwanza moja kwa moja; inaiunga mkono ya pili, na ya pili ndiyo inayoliunga mkono dai. Uungaji mkono una ngazi, na ukizielewa utaona pia ni kwa nini swali la ufahamu lilikunasa: watunzi hupenda kuchukua jambo la ngazi ya chini, lenye mwaka na majina ya kuvutia macho, wakaliweka miongoni mwa majibu ya kuchagua. Ya nne inaiongezea nguvu ya tatu. Ya tano inaleta sababu ya pili na kuionesha kwa tukio dogo ambalo kila aliyewahi kufanya mtihani akiwa na usingizi analifahamu. Ya sita inazifunga sababu mbili kwa pamoja na kuzirudisha kwenye dai, bila kulirudia dai kwa maneno yaleyale.

Utaniuliza kama watu wawili ni ushahidi wa kutosha. Hawatoshi, na ndiyo maana aya haikuishia kwao. Ushahidi hupimwa kwa uzito wake, na mwandishi anayejua kwamba kielelezo chake ni chembamba hukiegemeza kwenye kingine au hupunguza ukali wa dai lake. Tazama kwamba sikuandika “hupoteza yote” bali “hupoteza sehemu”. Neno hilo moja limeniondolea mzigo wa kuthibitisha jambo nisiloweza kulithibitisha. Maneno kama “kila”, “kamwe” na “wote” huandikwa kwa wepesi, kisha humgharimu mwandishi aya nzima ya kuyatetea.

Kuna jambo la kweli ambalo nimeliacha kwa makusudi. Wataalamu wa usingizi wanashauri kwamba vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku. Takwimu hiyo ni nzuri, inaaminika, na mkono ulinisukuma niiingize. Lakini inajibu swali la “Kijana alale muda gani?”, na aya yetu haikuuliza hilo, ingeongeza urefu na kuupunguza mshikamano. Kuacha jambo la kweli kwa sababu halifanyi kazi ndani ya aya ni zoezi gumu kuliko kulitafuta, na kwa mtu mwenye maarifa kama wewe litakuwa gumu zaidi.

Kwa mazoezi, nakushauri uanze na maandishi ya wengine kabla ya kurudi kwenye yako. Chukua aya ya gazeti, isome mara moja bila kalamu, uifunike, kisha andika kwa maneno yako mwenyewe sentensi moja yenye kitenzi inayosema ambacho aya ilikuwa inadai. Ifunue, upitie kila sentensi, na pembeni yake uandike kwa neno moja kazi inayofanya: dai, sababu, mfano, ushahidi, pingamizi, maandalizi. Sentensi ikikosa neno, ama dai uliloliandika si sahihi, ama mwandishi ameteleza, na inafaa ujue ni lipi kati ya hayo. Usipigie mistari, mwenye kupigia mistari huishia kuipigia aya nzima. Ukishazoea, ifanyie rasimu yako vivyo hivyo, ukiisoma kana kwamba imeandikwa na mtu usiyempenda sana, ili usimwonee huruma.

Katika mitihani yako ya kuandika, endelea kuliweka dai mwanzoni mwa aya, licha ya yote niliyoyasema kuhusu majarida. Msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake, na dai linalotangulia humwezesha kuipima kila sentensi inayofuata. Siku utakapoandika kwa ajili ya wasomaji wenye nafasi, utaweza kulisogeza mwishoni, kama alivyofanya mwandishi wa aya ya Zuhura, na kumwacha msomaji alifikie kwa miguu yake.

Zile sentensi zako za simu na wazazi usizitupe. Zilikosea aya tu. Ya simu inaweza kuzaa aya ya sababu, ikiwa utaipa dai linalobishika, kwa mfano kwamba simu humkosesha kijana usingizi hata baada ya kuizima, kwa kuwa alichokisoma au kukitazama humwacha akili ikiwa macho. Ya wazazi inaweza kuifuata kama aya ya hatua za kuchukuliwa, lakini hapo itakubidi ueleze wafanye nini na saa ngapi, maana “kuhakikisha” peke yake hakumwelezi mzazi chochote anachoweza kukitenda leo jioni.